Bosi amechora swastika kwenye daftari la mauzo: je, ni ya Hitler?

*"Naishi Jinja, nina miaka 41, na ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja. Wakati wa Diwali bosi alituita wafanyakazi wote jioni. Alikuwa na daftari jipya la mahesabu. Mzee mmoja alisoma maneno nisiyoyaelewa, kisha bosi akachovya kidole kwenye poda nyekundu akachora ule msalaba uliokunjwa ncha kwenye ukurasa wa kwanza, akachora tena juu ya droo ya pesa. Akanipa kalamu niandike mauzo ya kwanza. Kila mtu alipewa boksi la peremende na kalenda. Nyumbani, binti yangu aliye senior ya tano, anayesoma historia ya Ulaya, alipoiona alama ileile kwenye kalenda alipiga kelele: 'Mama, hii ni ya Hitler!' Jumapili nikamwonyesha mchungaji wetu. Alisema ni alama ya shetani, kwamba nimetia sahihi agano kwa mkono wangu mwenyewe, na niache kazi. Nina watoto watatu wanaosoma kwa mshahara huu. Sasa kila nikifungua droo moyo unadunda. Je, bosi wangu anamfuata Hitler? Nimeingia agano bila kujua? Nifanye nini?"*

Dada yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyosimulia, ulichokiona hakina uhusiano na Hitler. Hiyo ni ibada ambayo wafanyabiashara wa dini ya Kihindu, hasa wenye asili ya Gujarat, huifanya kila Diwali. Wao huiita Chopda Pujan: chopda ni daftari la mahesabu, na pujan ni ibada. Kwa kalenda yao ya zamani mwaka wa biashara hufungwa Diwali, na mwaka mpya wa Kigujarati huanza mara baada ya hapo, kwa hiyo daftari la zamani hufungwa na jipya hufunguliwa kwa dua. Wanamwomba Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo, anayeaminiwa kuondoa vikwazo njiani. Siku hizi wengine huweka hata kompyuta ya mahesabu mbele ya sanamu na kuipaka poda, maana daftari lenyewe limehamia humo.

Ukiutazama vizuri ukurasa ule, huenda ukaona karibu na alama maneno mawili ya kwao, Shubh na Labh. Maana yake ni heri na faida. Na neno swastika lenyewe limetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India: *su* ni wema, *asti* ni kuwapo, na *svasti* ni salama au heri. Kwa hiyo bosi alichoandika kwa kidole kwenye daftari lako la mauzo, kwa Kiswahili chetu, ni kama kusema: mwaka huu uwe wa heri. Hata lori jipya hupakwa alama hiyo kabla halijatoka kwenda kubeba simenti.

Lakini usidhani Wahindi wote wanaielewa sawasawa. Kwanza, Mhindi na Mhindu si neno moja. Wapo Wahindi Waislamu, Masingasinga, na Wagoa ambao ni Wakatoliki kama jirani yako wa mtaani, na hao hutawakuta wakichora hivyo kwenye madaftari. Pili, hata ukiwauliza Wahindu watatu mikono ile minne inamaanisha nini, jiandae kupata majibu matatu. Mmoja atakuambia ni Veda nne, yaani vitabu vyao vitakatifu. Mwingine atasema ni malengo manne ya maisha: wajibu, mali, raha, na kufunguliwa kwa roho. Wa tatu ataonyesha jua linavyozunguka. Ukivuka barabara ukamwuliza Mjaini, yaani mfuasi wa dini nyingine ya India, ambaye naye ana asili ya Gujarat na huenda naye ana duka, atakupa jambo jingine kabisa. Kwake mikono minne ni hali nne ambazo roho huzaliwa na kuzaliwa tena ndani yake: viumbe wa mbinguni, binadamu, wanyama na mimea, na walioko motoni. Juu ya alama huweka nukta tatu, za imani sahihi, elimu sahihi na mwenendo sahihi, zikiwa njia ya kutoka katika mzunguko huo. Mhindu anajitakia heri ya mwaka, Mjaini anajikumbusha kwamba amenaswa. Mchoro ni uleule, barabara ni ileile.

Alama hii ni ya zamani kuliko Ukristo na Uislamu. Imekutwa kwenye mihuri ya miji ya kale ya bonde la Mto Indus, yenye zaidi ya miaka 4,000. Imo kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kwanza kule Roma. Imo katika vyuma vidogo ambavyo Waasante wa Ghana walitumia kupimia dhahabu. Na hapa jirani, Ethiopia, katika kanisa la Bete Maryam kule Lalibela, lililochongwa ndani ya mwamba mmoja karne nyingi zilizopita, kuna madirisha yaliyotobolewa kwa maumbo ya misalaba ya aina mbalimbali, na umbo mojawapo ni swastika. Hilo ni kanisa, tena la Mama Maria. Nakutajia hili ili uwe nalo mkononi utakapozungumza na mchungaji wako.

Sasa nimgeukie binti yako, kwa sababu hakukosea. Alichokisoma darasani ni kweli, na ningehuzunika kama angeiona alama ile asishtuke.

Iliendaje, kitu cha heri kikafika mikononi mwa wauaji? Katika miaka ya 1870 Mjerumani Heinrich Schliemann alichimba mahali alipoamini kuwa ndipo mji wa kale wa Troya, na akakuta alama hii kwenye vyombo. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kugundua kwamba Kisanskriti kina undugu na Kigiriki, Kilatini na Kijerumani. Ugunduzi wenyewe ulikuwa wa kweli, na ulihusu lugha. Ila watu wakauchukua wakaugeuza kuwa habari ya damu. Neno *arya*, ambalo katika Kisanskriti ni mtu mwungwana, likafanywa jina la kabila la weupe waliodhaniwa kuwa bora kuliko binadamu wengine, na swastika ikafanywa nembo ya kabila hilo la kubuni. Yaani waliwachukulia Wahindi neno lao na alama yao, kisha wakawaweka Wahindi wenyewe chini. Mwaka 1920 chama cha Hitler, cha Wanazi, kikaiweka kwenye bendera yake. Mwaka 1935 bendera hiyo ikawa ndiyo pekee ya taifa la Ujerumani. Kufikia 1945 Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa chini yake, pamoja na Waroma (wale waitwao pia Wajipsi), walemavu, wafungwa wa vita na wengine wengi.

Wajerumani hao hawakuiita swastika, kwa kawaida. Waliiita msalaba wenye kulabu, *Hakenkreuz*. Jina tofauti, watu tofauti, kusudi tofauti.

Kuna maelezo mepesi ambayo utapewa na kila anayejifanya anajua, na ningependa uyatupe: kwamba ya Kihindu inaelekea kulia na ya Hitler inaelekea kushoto. Si kweli. Ya Hitler na ile ya kawaida ya Kihindu zinaelekea upande mmoja. Ile inayoonekana mara nyingi ikielekea upande wa pili ni ya Wabudha. Wajapani huitumia kwenye ramani zao kuonyesha palipo hekalu, kama sisi tunavyochora msalaba mdogo mahali pa kanisa. Ni kweli kwamba kwenye bendera ya Wanazi alama ilisimamishwa kwa kona, nyeusi, ndani ya duara jeupe, kwenye kitambaa chekundu, ilhali ya bosi wako imekaa wima, ni nyekundu, na mara nyingi huwa na nukta nne katikati ya mikono. Hilo litakusaidia mara nyingi. Halitoshi lakini, kwa kuwa hata Hitler alikuwa na bendera yake binafsi ambayo alama ilikaa wima. Mchoro peke yake hausemi ni wa nani. Uliza nani amechora, amewachorea akina nani, na anataka wafanye nini wakiuona.

Tuulize hivyo kwa habari ya nchi yetu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na siku walizopewa zilikuwa 90. Familia zilifunga maduka Jinja, Mbale na Kampala zikaondoka na masanduku. Septemba ya mwaka huohuo, siku zile zikiwa bado zinahesabiwa, Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Yaani katika Uganda aliyemsifu Hitler hadharani ni yuleyule aliyewafukuza wenye swastika kwenye madaftari yao. Na Wayahudi wetu wenyewe, Abayudaya wa Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku kuabudu katika miaka hiyohiyo. Mwambie binti yako aandike hilo katika insha yake. Mwalimu atamwita.

Na kama unadhani Wayahudi na Wahindu hawajawahi kukaa chini juu ya jambo hili, wamekaa. Mwaka 2008 viongozi wao wa dini walikutana Jerusalem wakatoa tamko la pamoja: swastika ni alama ya kale ya heri kwa Wahindu, na utawala wa Hitler uliitwaa na kuipotosha. Katika kutaja mahali Wahindu wanapoiandika, walitaja mahekalu, milango, na hata madaftari ya mahesabu. Daftari lako, dada yangu, lilifika Jerusalem kabla yako.

Nikuletee mfano wa nyumbani, kwa sababu huu wa India unaweza kuonekana wa mbali. Tazama lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba. Muganda akikiona juu ya mwili anajua kuna msiba, maana ndiyo sanda. Lakini Kabaka Mutebi alipotawazwa kule Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, alivikwa lubugo vilevile, na hakuna aliyelia. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la utamaduni, wameorodhesha utengenezaji wake kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Mtalii anakinunua kama mkoba. Na wapo wahubiri wanaokichoma moto wakisema ni nguo ya mizimu. Gome halijabadilika.

Hata msalaba. Kwa Warumi ulikuwa chombo cha kuulia watumwa na waasi kandokando ya barabara, ili wapitao waogope. Leo unauvaa shingoni nao unakutuliza. Msalaba ulitoka kwenye hofu ukaenda kwenye tumaini. Swastika, kwa Ulaya, ilitoka kwenye heri ikaenda kwenye hofu, tena ndani ya miaka 25 tu. Lililobadilisha maana ni yale watu waliyoyafanya wakiwa wameishika. Na kwa sababu mabaya ya Ulaya hayakufanywa na Wahindu wa Gujarat, huko kwao maana ya zamani haijakatika hata siku moja.

Sasa mchungaji. Sitamkejeli, anakutakia mema, na alama ngeni kweli inatisha. Lakini naona amefunga mambo mawili katika furushi moja, na mimi nitayafungua.

La kwanza, kwamba ni alama ya shetani. Hapana. Ufunuo sura ya 13 unazungumzia alama ya mnyama kwenye mkono wa kulia au kwenye paji la uso. Hautaji mchoro huu. Nimekwisha kukutajia Lalibela.

La pili ni zito zaidi, na hapa sitakupa jibu rahisi. Jioni ile ilikuwa ibada, wala haikuwa desturi tu ya ofisi. Mzee yule alikuwa akimwomba Mungu kwa namna ambayo wewe huiamini. Kama Mkristo una haki ya kuuliza: nilipaswa kuwapo? Swali hilo halihusu Hitler hata kidogo, na ni la zamani sana. Wakristo wa Korintho waliishi mjini ambamo nyama ya buchani ilikuwa imepitia kwenye mahekalu ya sanamu, wakamwuliza Paulo wafanye nini. Soma Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8 na ya 10. Anawaambia sanamu si kitu, na kinachouzwa sokoni wale bila kuhojihoji. Anaongeza kwamba mtu akikuambia waziwazi kuwa kitu hiki kimetolewa sadaka, basi uache, kwa ajili ya dhamiri. Na kwamba usimkwaze ndugu ambaye imani yake bado ni dhaifu.

Kuhusu agano: agano ni jambo la mtu anayejua na anayetaka. Uliandika mauzo, labda mifuko ya simenti na kilo za misumari, kwa sababu ndiyo kazi uliyoajiriwa. Bosi hakukuambia uape, wewe hukuapa, na katika ibada yenyewe ya Kihindu hakuna sehemu ambayo mfanyakazi anaunganishwa na mungu kwa kushika kalamu. Kukukabidhi mstari wa kwanza, kwa macho yangu, kulikuwa heshima. Ni keshia gani angepewa mstari huo kama haaminiki?

Ufanye nini basi? Unaweza kuacha kazi, lakini sitakushauri kuacha karo za watoto watatu kwa sababu ya alama iliyosomwa vibaya. Unaweza kubaki na mwakani ukasimama pembeni kwa heshima, kama vile Mhindu anavyokaa kwenye harusi kanisani bila kuwa Mkristo. Wakristo wengi hufanya hivyo na dhamiri yao haiwashtaki. Au unaweza kubaki ukaomba usihudhurie. Hilo ndilo ningelichagua kama moyo wako bado una wasiwasi, na namna ya kulisema ni rahisi: mfuate bosi mapema, siku ya kawaida isiyo na wateja wengi, umwambie, "Bosi, naheshimu dua yenu, ila kwa imani yangu naomba nije baada ya dua kumalizika." Mtu anayeishi na dini yake katikati ya watu wa dini nyingine huelewa maneno hayo upesi kuliko unavyodhani. Wenzako Waislamu dukani huenda wana swali lilelile. Waachieni kila mmoja amwulize shekhe au mchungaji wake.

Akikulazimisha kushiriki, akikukata mshahara au kukutishia kazi kwa sababu umekataa, hapo mambo yamebadilika. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa dhamiri na wa dini, na sheria ya ajira ya 2006 inakataza ubaguzi wa kidini kazini. Nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya na maelezo yako yameandikwa, yana tarehe. Lakini katika yote uliyonisimulia sijaona dalili hata moja ya hilo.

Moyo unaodunda usiupuuze. Zungumza na mchungaji ana kwa ana, usimwonyeshe kalenda tu baada ya ibada watu wakiwa wanasukumana mlangoni. Mpelekee maelezo haya kama yatasaidia. Na kama baada ya wiki mbili tatu bado moyo unaenda mbio na usingizi haupatikani, pita kituo cha afya wakupime presha. Hofu inaweza kuanza na mchoro ikamalizikia mwilini.

Tena, usije ukatoka hapa ukidhani kila swastika ni ya heri. Ukiona iliyosimama kwa kona, nyeusi kwenye duara jeupe, imeshonwa kwenye jaketi la mitumba, au imeandamana na namba 88, hiyo ni ya Hitler. H ni herufi ya nane, na hizo ni H mbili za salamu yake, "Heil Hitler". Kijana wa boda anaweza kuivaa bila kujua lolote, kwa kuwa jaketi lilikuwa zuri na bei ilishuka. Mwambie taratibu aitoe. Na kalenda yako usiibandike mahali ambapo mgeni kutoka Mbale mwenye kofia ya Kiyahudi ataiona kabla hujapata nafasi ya kueleza. Jibu sahihi la kihistoria haliondoi maumivu ya mtu. Ibandike dukani, karibu na mashine ya risiti. Ndiyo sehemu yake.

Zimebaki peremende. Zipo ambazo ni zawadi ya sikukuu tu, kama tunavyopelekeana pilau Idi, na zipo zilizowekwa kwanza mbele ya sanamu, ambazo huitwa prasad. Kwa kuangalia boksi huwezi kujua. Mwulize bosi ni zipi, naye atakuambia bila kuona vibaya. Ukiwa hapohapo mwulize na zile nukta nne ni za nini, kisha tafuta kiti, maana chai itapoa kabla hajamaliza.